Barua ya Sumari

...na huyu hakimu ananisomea taratibu kana kwamba ndiyo kwanza najifunza kupiga chapa, "Ndugu Sumari, koma, unasimamishwa kazi," vidole vyangu vinakwenda, miaka kumi na minne vinakwenda tu, Sumari tarishi wetu anabeba mafaili tangu kabla ya vyama vingi, kosa lake kofia, kofia ya chama aliyopewa bure sokoni akaivaa kwa ajili ya jua, basi, mwizi wa siri za mahakama kapatikana... siri gani tena, jana kwenye mkutano wa kampeni pale Daraja Mbili mtu mzima mwenye kofia kama hiyo kapanda jukwaani, kashika kipaza sauti, kasoma maneno ya Pudensiana neno kwa neno, aliyoyasema chumbani kwa hakimu, mlango umefungwa, akiomba talaka kwa mume ambaye leo ni mgombea, alivyopigwa, mimba ilivyotoka, na watu wakacheka! wakapiga vigelegele! washenzi, mnamkomoa mume kwa kumvua nguo mke, mnaita siasa, mama wa watu hatoki hata kwenda dukani... "Umefika wapi, Skolastika?" "Kwenye kuvujisha, mzee," kuvujisha, Sumari ambaye faili la Pudensiana hakulishika kabisa, ufunguo wa kabati unao wewe, mzee, mfukoni mwako, lakini wewe huna kofia... "Nakala iende Utumishi. Karatasi ya kaboni umeweka?" "Nimeweka, mzee," nimeweka, mpya, nyeusi tii, ikitumika mara moja ukaielekeza dirishani inasomeka yote, kila mstari... yote... Mungu wangu, mwenendo wa kesi ya Pudensiana niliupiga kwa kaboni mpya, nikaitia kwenye bahasha pamoja na zile kuukuu, na Alhamisi akaja Kaanaeli, mwalimu wa kwaya yetu, "Shikamoo dada Skola, kaboni za kunakilia noti za nyimbo zipo?" zipo, zipo siku zote, tangu miaka ya uhaba kaboni ya ofisi haitupwi, inakwenda kwaya, sasa maduka yamejaa kaboni na mimi bado natunza, nampa mtu ambaye tangu Agosti ni katibu wa kampeni, kofia ile ile kichwani, nikamwona, nikampa, na akasema Mungu akubariki! Kaanaeli, mnafiki, umeimba na mama yake Pudensiana sauti moja, mstari mmoja, lakini we Skolastika nawe, mjinga mkubwa, ulikula kiapo, unatukana dunia nzima tangu asubuhi na bahasha ulifunga kwa mkono wako... ninyamaze? nina wawili sekondari, Sumari ana watano, nani atajua, Kaanaeli hatasema, hakimu hataki kujua, anataka barua iishe akanywe chai, wote tutakuwa salama isipokuwa yule aliyekaa nje kwenye benchi na funguo za baiskeli ya ofisi mkononi, tayari kuzirudisha... "Aya mpya," anasema hakimu, anangoja, anagonga meza kwa kalamu, "aya mpya, Skolastika," vidole havishuki, nina hasira, na jina linalotakiwa juu ya barua hii ni langu.