Matanga ya Ngoy

Ngoy alisema hadharani, kwenye mkahawa pale Flagey, huku ughaibuni, watu wote wakisikia: "Yolande, wewe kazi yako ni kulia. Eti producteur, mtengeneza filamu! Wacha kutuchekesha."

Na kweli, kulia ndiyo kazi aliyoifanya miaka nenda miaka rudi. Kwenye filamu za wazungu alilia akiwa mkimbizi, akalia akiwa mtumishi wa nyumbani, akalia akiwa mama wa marehemu, na hata jina hakupewa. Alipochoka akaanza kutengeneza filamu yake mwenyewe. Nafasi ya mzee anayekufa akampa Ngoy, mkubwa wa kikundi chao cha zamani cha maigizo. Shukrani ya punda ni mateke! Ngoy alimaliza sehemu zake zote, kisha akawapigia simu waigizaji wa matanga, mmoja mmoja, wasiende. Wivu tu, hakuna kingine.

Bila matanga hakuna filamu, maana hadithi yote iliishia hapo, watu wakimlilia mzee waliyemchukia. Na ukumbi wa parokia, huko Ganshoren, Yolande alikuwa nao kwa alasiri moja tu.

Siku ilipofika akapanga viti vya plastiki peke yake. Akaning'iniza picha kubwa ya Ngoy, akaizungushia maua meupe, akawasha mshumaa, akaacha mlango wazi. Hakuja hata paka. Guylain, mpiga kamera, akaanza kukunja nyaya.

"Acha nyaya zangu!" Yolande akafoka.

Ndipo kilio kikasikika barabarani. Jamani! Mama mmoja Mkongo alikuwa amepita, akachungulia, akaona picha, maua na viti. Angeuliza nini tena? Kwetu matanga hayana mwaliko. Simu zikapigwa, na muda si muda ukumbi ukajaa watu waliovaa nyeusi. Mbele yao alikuwa Maman Marie-Claire, dada mkubwa wa Ngoy, ametoka Laeken na ndala za bafuni. Akajitupa chini.

"Ngoy! Mutoto wa mama yangu! Juu ya nini umeniacha?"

Guylain akashika kamera, akimtazama Yolande. Mkono wa Yolande ulishaanza kupanda kumpa ishara apige picha. Lakini mwongozaji mmoja mzungu aliwahi kumwambia awafikirie marehemu wake mwenyewe, ili alie vizuri, na hakumsamehe mpaka leo. Akaushusha.

"Maman, samahani. Ngoy ni muzima. Hii ni filamu."

Yakaja matusi. Mchawi! Unazika muntu muzima! Kiti kikarushwa, kikampita sikioni. Na Ngoy mwenyewe huyo, ameingia mbio, amepigiwa simu kuhusu kifo chake.

"Munaona? Mi nilizuia watu wasikuje! Huyu hapana producteur, huyu ni wa kulia tu!"

Angenyamaza, mpumbavu yule. Maman Marie-Claire akainuka, akajipangusa magoti.

"Wewe njo ulizuia watu?"

"Ndiyo, yaya, dada yangu, lakini..."

"Donc nimelia mu barabara na ndala, juu ya kiburi yako?"

Akamkamata ukosi, akamsukuma nje, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Bon. Yolande, tumevaa nyeusi, hatuvui bure. Tulilie wapi?"

"Palepale, Maman. Guylain, moteur, anza kupiga!"

Wakalia kwa hasira, kilio cha kutisha. Nje Ngoy akaupiga mlango kwa ngumi, akimwita dada yake. Maman Marie-Claire akaitazama picha, akazidisha sauti. Yolande alisimama nyuma ya kamera, macho makavu, na hakusema kata.