Mama wa Dirishani

Dodoso lilikuwa na maswali ishirini na mawili, na mafundi wa kiwanda cha sare za shule walilijaza kwa mbwembwe. Mkata vitambaa peke yake aliongeza karatasi mbili. Mama wa dirishani, ambaye hakuna aliyekumbuka aliajiriwa lini, alijibu swali moja tu. Unafanya nini kazini? "Nipo tu."

"Kama yupo tu, bora asiwepo," meneja alimwambia mchambuzi wa kazi, binti aliyeletwa kuchunguza nani anafanya nini. "Ijumaa nafasi yake inafutwa."

Binti roho ilimuuma. Mtu wa adabu ukimuuliza hali, hukwambia yupo tu, hajipigii debe. Akaomba siku moja, akavuta stuli hadi dirishani, akaweka saa na daftari magotini.

Saa mbili na nusu mama, akikata nyuzi za kola, alisema bila kuinua uso, "Mashine ya nne, badilisha sindano. Inakohoa." Ikabadilishwa. Saa tatu akanusa pasi iliyotaka kuunguza shati, kabla mpiga pasi mwenyewe hajashtuka. Saa nne mkata vitambaa, yule yule wa karatasi mbili, alikuja kwa unyenyekevu kuuliza marinda yalale kulia au kushoto. Hadi mchana mama alikuwa ameshapatanisha washona vifungo wawili walionuniana tangu Jumatatu, na kuokoa mikono mia mbili ya kushoto isishonwe kulia. Daftari lilijaa, binti akahamia kwenye jalada.

"Unaandika nini mwanangu?"

"Kazi zako, mama."

"Zipi tena?"

Ijumaa meneja alisoma kurasa tatu za majukumu, akasimama. "Mtu kama huyu tutampata wapi?"

"Yupo tu, bosi."

Meneja alicheka mpaka akakaa, akatia saini. Ikabaki mwenyewe athibitishe. Mama alivaa miwani, akasoma taratibu, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini mwenzetu huyu! Yote haya peke yake? Mtafutieni msaidizi, jamani."

"Ni wewe, mama."

Mama alirudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena, midomo ikicheza.

"Kumbe!" alisema. "Ndiyo maana nachoka. Basi huyo msaidizi aje Jumatatu."