Zenebech Hapendi Filamu za Mapenzi

"Basi mwanamume anakimbia," alisema Zenebech, vidole vikiendelea kusuka. "Mvua inanyesha, viatu vimejaa maji, yeye mbio tu. Msichana anakwenda wapi? Uwanja wa ndege. Na simu anayo mfukoni! Si umpigie? Aah, hapigi. Anakimbia."

Saluni nzima ilicheka. Mama aliyekuwa chini ya mikono yake, mnene, anatengenezwa kwa ajili ya harusi ya bintiye, alitikisika hadi mstari ukapinda. Zenebech akamnyoosha kichwa kwa viganja viwili.

"Mtu wa hivyo ukiolewa naye, siku ya kwanza atakimbia kununua mkate, atarudi kaloa, na mkate kausahau dukani."

Wakacheka tena. Hivyo ndivyo yalivyoanza majuma pale kwa Asnakech, mwenye saluni. Wasukaji wenye mkono mzuri wamejaa Addis Ababa, lakini wateja walivuka mitaa miwili mitatu kuja kukaa mbele ya Zenebech, kwa sababu ya mdomo wake. Kila Jumapili alikwenda sinema, na kila Jumatatu aliipasua filamu ile vipande vipande juu ya vichwa vyao.

"Lakini hujawaambia mwisho wake, dada Zenu."

Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa Tsige, msukaji mpya, naye alimfupishia Zenebech jina kama walivyofanya wote. Hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

"Alipofika, ndege ilikuwa imeshaondoka. Akaketi chini, maskini. Kugeuka, anamwona msichana amekaa juu ya sanduku lake, amelowa kuliko hata yeye, anatafuna punje za kolo. Msichana akamwambia, 'Umechelewa. Lakini nimekubakizia.'"

Hakuna aliyecheka. Walitoa mlio mwingine, mlaini, kama watu walioshushiwa mzigo. Yule mama mnene alifuta jicho kwa ncha ya shuka lake jeupe. "Mungu wangu," alisema. "Nimekubakizia!"

Zenebech alikuwa amesuka katika saluni ile tangu kuta zake zikiwa za bati, na hakuwahi kuutoa mlio ule vinywani mwa watu.

"Kumbe na wewe ulikwenda?" mmoja aliuliza.

"Nilikwenda. Gashe Shiferaw alinialika."

Zenebech alikaza uzi mmoja wa nywele. Mama mnene akasema, "Ai!"

Shiferaw alikuwa na duka la siagi na asali mlango wa pili. Mgane, mpole, mwenye mvi masikioni tu, na nguo zake zote zilinukia siagi hata akizifua mara ngapi. Miaka mingi sasa, tangu alipomzika mkewe, alikuwa akienda sinema na Zenebech. Kila mtu alijilipia. Walikaa viti vya nyuma wakigawana mfuko mmoja wa kolo, shayiri ya kukaanga, kisha wakasimama nje ya mkahawa wakinywa kahawa ya maziwa na kubishana.

Zenebech alipenda vichekesho vitupu: mwenye nyumba anadanganywa na wapangaji, bwana harusi anajificha ndani ya pipa la pombe, mbuzi anakutwa kitandani. "Kuliza watu ni rahisi," alikuwa akisema. "Kitunguu nacho kinaliza. Kuchekesha ndiyo kazi." Zile za mapenzi zilizochanganywa na vichekesho, ambazo mjini kwao ndizo zilizokuwa zikijaza kumbi, aliziita mchuzi uliotiwa sukari. "Saa mbili nzima kwa jambo ambalo wangelimaliza mlangoni! 'Nakupenda.' 'Na mimi.' Haya, twendeni nyumbani."

Shiferaw yeye alizipenda hizo hizo. Mwishoni alikuwa akitoa leso na kujifuta kimya kimya, akidhani gizani haonekani, na Zenebech akamcheka hadi watu wa mbele wakageuka. Yeye naye akacheka. Hapakuwa na siku nyingine katika juma iliyompendeza Zenebech kama ile.

Halafu akaja Tsige. Alikuwa ametoka Uarabuni, miaka jikoni mwa watu, amerudi na sanduku moja na mikono ambayo haikuwa imesahau kusuka. Siku moja Shiferaw alileta siagi ya kupaka nywele, akamkuta anasema kwamba kule alitazama filamu za nyumbani kwenye simu, chini ya blanketi, sauti imezimwa.

"Bila sauti?" Shiferaw alishangaa. "Basi hukuziona. Jumapili twende. Au vipi, Zenu?"

"Aje tu," Zenebech alijibu. "Viti si vya baba yangu."

Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Ukumbini Tsige alimfuata Shiferaw kuingia, kwa hiyo alikaa katikati. Lilikuwa jambo dogo. Zenebech alikaa pembeni na mfuko wa kolo haukumfikia. Kila mzaha ulipopita, Shiferaw aligeuza kichwa kidogo kutazama kama jirani yake anacheka, ndipo acheke yeye. Zenebech alikijua kile kichwa kinavyogeuka. Miaka yote kilikuwa kikigeukia kwake, na hakuwahi kukitia maanani, kama mtu asivyotia maanani taa mpaka umeme ukatike.

Mwishoni leso ilitoka, na haikutumiwa na mtu mmoja tu.

Tangu siku ile Zenebech alianza kuona vitu. Aliona kwamba siagi iliyokuwa ikiletwa mara moja kwa juma sasa inaletwa kila siku, kana kwamba vichwa vya Addis Ababa vimeongezeka. Aliona wateja wakiuliza, "Tsige ana nafasi?" kabla hawajavua viatu. Alipolala aliwaona wawili wale wakitembea kutoka sinema, naye nyuma yao amebeba mfuko. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, kisha akaendelea kuwaza.

Lakini kilichomkata ni neno moja tu. Alhamisi Shiferaw aliingia na debe lake. Tsige, ambaye siku zote alimwita Gashe kama inavyompasa mtu aliyezidiwa umri, aliinua uso akasema, "Shife, leo umechelewa."

Shife. Zenebech mwenyewe hakuwahi kulitumia jina hilo. Wengine waliendelea na kazi, mmoja anakausha nywele, mwingine anakunywa chai. Hakuna aliyesikia kitu. Kitana kilimponyoka Zenebech mkononi akajifanya anakitafuta chini ya kiti kwa muda mrefu.

Kwaresima ilikuwa inakaribia, na kila aliyekuwa na nia ya kuoa alikuwa mbioni, maana mfungo ukishaingia hakuna harusi mpaka Pasaka. Jumamosi walisuka tangu alfajiri. Mchana, wateja walipopungua, Tsige alimwendea Zenebech akaketi kwenye kiti chake cha chini, bila kuuliza.

"Nisuke, dada Zenu. Kesho nataka kupendeza. Hapa hakuna mkono kama wako."

"Kesho kuna nini?"

Tsige alicheka kwa aibu, uso kwenye magoti. "Shife amesema ana neno."

"Neno gani?"

"Sijui. Wewe umemjua siku nyingi. Unadhani neno gani?"

"Huyo?" Zenebech alisema. "Labda siagi imepanda bei."

Wakacheka wote wawili. Kisha Zenebech akaanza kusuka.

Alianza kwenye paji la uso, mistari myembamba, iliyonyooka. Na alikaza. Mwanzo alijiambia kwamba mtindo huu unataka kukazwa. Halafu hakujiambia chochote. Alivuta hadi ngozi ikapanda na nyusi zikapanda nayo. Alivuta kwa ajili ya mfuko wa kolo, kwa ajili ya leso, kwa ajili ya jina lile fupi lililosemwa mbele ya watu. Tsige hakusema ai. Mgongo wake tu ulikuwa umekakamaa, na alipogeuzwa kichwa Zenebech aliona machozi yanashuka hadi kidevuni, yametulia, ya mtu aliyezoea.

"Mbona husemi kama unaumia?"

"Bibi niliyemfanyia kazi kule alikuwa akinishika hapo hapo," Tsige alisema. "Hapo kwenye utosi. Nikisema, anazidisha."

Nje mtu alikuwa akipiga honi. Zenebech alibaki amesimama, kitana kinaning'inia. Alimtazama binti huyu utosini, akaona kovu dogo lisilo na nywele, na vidole vyake mwenyewe viko juu yake.

"Nimekosea," alisema. "Yote haya ni mabaya. Nafumua."

"Lakini umeshafika katikati."

"Nimesema nafumua. Kaa utulie."

Alifumua mstari mmoja baada ya mwingine. Alipasha siagi kiganjani, akamkanda ngozi polepole, kisha akasuka upya, bila kukaza. Tsige alisinzia. Kazi ilipokwisha, Asnakech alikuja kutazama akapiga makofi. "Zenebech, hii hata mimi hujawahi kunisukia." Na kweli, ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alipoiona kwenye kioo, wivu ulimrudia upya, mkali kuliko mwanzo.

Jumapili, baada ya ibada, shuka lake la kanisani bado begani, hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani kwa Shiferaw. Alimkuta amevaa koti, anafunga madirisha.

"Zenu! Karibu. Leo sinema sitakwenda, nilitaka kukuambia."

"Sikuja kwa sinema." Alibaki mlangoni, hakuingia. Alikuwa amefanya mazoezi njia nzima, na maneno yote mazuri yalikuwa yamemtoka. "Shiferaw, nakupenda. Si tangu jana. Sijui tangu lini. Basi. Ndiyo hiyo."

Shiferaw aliweka funguo juu ya meza. Zikaanguka. Hakuziokota.

"Unatania?"

"Nikitania huwa watu wanacheka. Unacheka?"

Hakucheka. Alivuta kigoda akaketi kati ya madebe.

"Mwaka ule wa mvua nyingi," alisema hatimaye, "tulitazama ile ya mwalimu mstaafu na mwuza maua. Tulipotoka nikakuambia, 'Hata watu wa umri wetu wanaweza kupendana hivi.' Unakumbuka ulichonijibu?"

"Sikumbuki."

"Ulisema watu wa umri wetu wakipendana ni vichekesho tosha, hata mchekeshaji hahitajiki. Tukacheka. Na mimi nilicheka." Alikuwa akitazama mikono yake. "Nilikuwa nimejipanga mwezi mzima kusema sentensi ile."

"Nilikuwa natania tu!"

"Nilijua unatania. Lakini ulitania kila mara, Zenu. Sikujua nichukue lipi."

Zenebech alishika mwimo wa mlango. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwapo, lakini hakupata pa kuiweka.

"Na yeye? Unampenda?"

"Nikilia, ananipa leso."

"Na mimi nilikuwa nakucheka, ukafurahi."

"Nilifurahi," Shiferaw alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilifurahi sana, usidhani sikufurahi." Kisha akasema upesi, "Wazee wamekwenda kwa kaka yake kuniposea asubuhi hii. Ninawasubiri waniite kwenye chakula cha mchana. Wiki iliyopita ungekuja, labda... Sijui. Si haki kusema hivyo. Watu wameshaingia nyumbani kwa watu."

Simu iliita mfukoni mwake. Aliitazama, akamtazama Zenebech, na hakuipokea.

"Pokea," Zenebech alisema. "Ndio hao."

"Zenu..."

"Pokea, wewe. Halafu nenda. Tena usikimbie, kwa tumbo hilo utaanguka."

Kicheko kilimtoka Shiferaw, kimoja, kifupi, na macho yake yakajaa palepale. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta leso. Zenebech hakungoja kuiona.

Alitembea mjini bila kwenda popote. Alipita mbele ya maduka yaliyofungwa, akapita watu waliovaa nguo za harusi wakipigapiga honi na kuimba, akatamani magari yao yapasuke magurudumu. Alijiambia Tsige ni mjanja. Akajiambia Tsige si mjanja. Miguu ilipochoka ilikuwa imemfikisha sinema, kwa mazoea yake yenyewe.

Mkata tiketi alimjua. "Leo wangapi, dada? Wawili? Watatu?"

"Mmoja."

"Ya vichekesho iko juu, inaanza sasa hivi. Mwenye nyumba na wapangaji wake. Yako kabisa. Ile ya chini ni ya mapenzi, imeshaanza."

"Nipe ya chini."

Mkata tiketi alimkodolea macho, akakata.

Ndani alitafuta njia kwa mikono, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokigusa. Pazia la sinema lilikuwa linawaka rangi ya jua. Kijana mmoja, dereva wa gari la mizigo, alikuwa akimsaidia binti wa mwenye hoteli kumchagulia mchumba wake suti, na kila suti aliyoivaa yeye kwa kujaribishia ilikuwa kubwa, mikono inaning'inia, na watu walikuwa wakifa kwa kicheko. Zenebech alimtazama yule kijana usoni. Hakuwa mchekeshaji mzuri. Lakini alijua kusimama kimya mbele ya kioo.

Mwanamke mmoja aliyechelewa alijipenyeza kwenye safu, anahema, akajitupa kwenye kiti cha jirani. Alikuwa mtu mzima, na alinukia moshi wa jikoni.

"Samahani dada," alinong'ona. "Nimekosa mengi?"

"Si mengi," Zenebech alisema. "Huyu anampenda yule."

"Na yule anajua?"

"Bado."

"Kwani hajamwambia? Kwa nini?"

Mbele yao kijana alivua koti lile kubwa, akalikunja vizuri, akamrudishia msichana. Ukumbi mzima ulicheka. Zenebech aliinama mbele kidogo, mikono magotini.

"Ngoja," alisema. "Tumtazame."