Uzi wa Zambarau Chini ya Tepu

Mama Waya hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa, ila jina lilikwisha kumganda, naye alikwisha kuchoka kubisha. Alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke pekee katika gereji ya mafundi kumi na mmoja, na hao kumi walimletea kila gari lililowashinda huku wakijifanya wanamfanyia hisani. "Mama Waya, nimekuachia kitu kidogo cha kumalizia," walikuwa wakisema. Kitu kidogo! Mtu amelala na gari siku nne, amebadilisha nusu ya vilivyomo, halafu ni kitu kidogo.

Hivyo ndivyo lilivyomfikia gari la mwalimu. Mmoja alikuwa ameshabadilisha plagi, mwingine pampu ya mafuta, wa tatu aliliombea dua tu akaondoka. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu wa miwani, anayezungumza na watu wazima kana kwamba anawasahihishia insha.

"Fundi, gari langu linazimika."

"Linazimika lini? Likipata joto? Likipanda mlima?"

"Saa kumi na robo."

Mama Waya alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Mwalimu wangu, gari halina ratiba ya vipindi."

"Cheka tu. Nikitoka shule napita barabara ya nyuma. Ina matuta manne. Matatu navuka salama. Nikikanyaga la nne, injini inakata hapo hapo, mbele ya geti moja la kijani lililobonyea chini. Nakaa kama dakika mbili, napiga ufunguo, linawaka kama si lenyewe." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Na si hilo linalonitisha. Kila likizimika, bibi mmoja anatoka. Anafungua geti, milango yote miwili, kana kwamba naingia kwake. Anakitazama kiti cha dereva. Kisha anafunga. Hajawahi kunisemesha."

Kicheko kilimkauka Mama Waya mdomoni. "Bibi huyo amevaaje?"

"Nguo za kawaida. Ila viatu ni vya kiume, vikubwa kuliko miguu yake."

Geti hilo lilibonyezwa na bampa ya gari siku kaka yake Mama Waya alipokuwa anajifunza kuendesha. Bibi mwenye viatu vya kiume alikuwa mama yake mzazi. Na viatu, wallahi, asingeweza kuvikosea: ni vya huyo kaka, aliyekufa barabarani miaka sita iliyopita.

Huyo kaka watu walimwita Rubani, kwa sababu alipenda mwendo tangu akiwa na baiskeli isiyo na breki. Alipokufa akijaribu kulipita lori, nani angeuliza maswali? Mwendo umemuua, basi. Mama yao alisema hivyo mbele ya kaburi, kwa sauti kavu, bila chozi: "Nilimwambia. Hakusikia. Amejiua kwa ujinga wake, akaniacha." Tangu siku hiyo hakulitaja jina lake ila kwa kulaani. Mama Waya alikwenda kwake kila Jumapili, na kila Jumapili alizisikia laana hizo, akainamisha kichwa, akanywa chai. Habari za geti hakuwahi kuambiwa.

Haya, kazi ni kazi. Akafungua boneti. Cheche kwenye plagi zipo. Pampu inalia vizuri, mafuta yanafika kwa presha. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya nozeli, mpini sikioni, kama alivyofundishwa na baba yake, akazisikiliza nozeli moja baada ya nyingine zikimwaga mafuta ndani ya injini. Zote nne zilikuwa zinagonga sawasawa, kama cherehani nne chumba kimoja. Pale gerejini gari lilikuwa zima kuliko mafundi.

"Ugonjwa huu hauji hospitali," akamwambia mwalimu. "Itabidi tuufuate nyumbani kwake."

Akaunga nyaya mbili ndefu kwenye umeme unaolisha nozeli, akazipitisha dirishani, mwisho wake akafunga taa ndogo. Taa ikiwaka, nozeli zinapata umeme. Mwalimu akashika usukani, Mama Waya akaipakata taa, wakaondoka saa kumi kasoro dakika tano kupitia shuleni, ili wasimwonee mgonjwa.

Tuta la kwanza, taa inawaka. La pili, inawaka. La tatu, Mama Waya akamwambia mwalimu apige kwa nguvu, wakaruka hadi wakagonga vichwa, na taa ikaendelea kuwaka. La nne walilipanda polepole kama wanavuka yai. Taa ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikazimika. Injini ikakata.

Kwa fundi, hapo nusu ya kazi imekwisha: umeme wa nozeli umepotea, zote nne kwa mpigo, kwa hiyo tafuta waya unaozilisha zote. Hilo Mama Waya alilijua. Lakini kazi ilimtoka akilini, maana komeo la geti lilikuwa linavutwa.

Alijikunja kwenye kiti kama mtoto aliyevunja kikombe. Mama yake alifungua mlango mmoja, kisha wa pili, akasimama katikati. Hakumwona binti yake, wala hakumtazama mwalimu. Alikitazama kiti cha dereva mahali pa juu kidogo, panapofikia kichwa cha mwanamume, akasubiri kama mzazi anayengoja kuamkiwa. Kisha akafunga geti. Komeo lilipogonga tu, taa mapajani mwa Mama Waya ikawaka. Hakuna aliyegusa kitu.

"Umeona?" mwalimu akanong'ona.

"Endesha, mwalimu. Tafadhali endesha."

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi aliingia gerejini kabla ya wote. Akachomoa soketi ya nozeli, akaweka mita ya kupimia umeme. Mita ikasoma volti kumi na mbili na nusu. Kamili! Fundi mwingine yeyote angefunga boneti akasema umeme upo, gari lina mashetani. Na yeye, nusura afunge.

Lakini baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na neno lake: mita haina njaa. Mita inaonja tu, haili. Waya wenye nyuzi ishirini ukikatika kumi na tisa, mita itaonja ule mmoja uliobaki na kukuambia karamu ipo. Ukitaka ukweli, weka taa kubwa, kitu kinachokula umeme hasa. Mama Waya akaunga taa ya mbele ya gari mahali pa mita. Ikatoa mwanga wa kiberiti kilicholowa.

Basi waya ni mgonjwa, na mgonjwa amejificha. Akalichomoa fungu lote la nyaya za injini, akalilaza juu ya meza, betri akaishusha chini. Akampigia mwalimu simu.

"Nyaya hizi ni za gari hili?"

"Aliyeniuzia alisema za mwanzo ziliungua. Akaweka za gari lililokuwa kwenye vyuma chakavu. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Akaendelea kubandua tepu, pole pole. Karibu na mwisho akakuta uvimbe mdogo, mahali waya ulipowahi kuungwa. Akabandua. Chini ya tepu kulikuwa na uzi wa kushonea, wa zambarau, umezungushwa kwa ukaribu na kufungwa mafundo matatu.

Lo! Alikaa chini pale pale, juu ya tairi.

Baba yao alikuwa fundi cherehani kabla hajawa fundi wa magari, na tabia ya kwanza haikumtoka: kila alipounga waya aliuzungushia uzi kabla ya tepu, mafundo matatu. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwuliza kama ataweka na vifungo. Duniani waliounga hivyo ni wawili, yeye na binti yake. Na baba alikuwa amekufa zamani wakati Mama Waya aliponunua ule uzi wa zambarau, kushonea gauni la harusi ya rafiki yake.

Siku ya harusi yenyewe Rubani alikuja gerejini. Gari linakosa nguvu. Mama Waya alikuta waya umetafunwa na panya, akauunga haraka haraka kwa uzi uliobaki wa gauni, gauni lenyewe linaning'inia ukutani, wenzake wanampigia simu. Akaweka mita: kumi na mbili. Akafunga boneti.

"Umepima na taa?" Rubani akamwuliza. Naye alikuwa mtoto wa baba yule yule.

"Nimepima."

Kaka mtu akacheka, akamwambia acheze harusini kwa niaba yake pia. Kesho yake saa kumi na robo, akiwa njiani kwenda kwa mama, alikufa. Dereva wa lori alikuja mazikoni kwa miguu yake, akaapa kwamba gari lile halikuwa linakimbia, kwamba lilizimika ubavuni mwake katikati ya kulipita lori, akaliona likikosa nguvu huku gari jingine linakuja mbele. Walimfukuza kama mbwa. Mama Waya alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, na alinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Yeye maradhi aliyaficha ndani ya kaburi la mtu mwingine.

Akakata uzi kwa wembe. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Uzi mmoja tu wa waya ulikuwa umeshikilia.

Saa kumi kamili alikuwa kwa mama yake. Alimkuta sebuleni, kitambaa mkononi, anapiga rangi vile viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo si Jumapili."

"Si Jumapili." Akakiweka kile kipande cha waya juu ya meza, pamoja na uzi wake. "Nimeleta kilichomuua kaka."

Mama aliuokota uzi, akaunyoosha kwa vidole viwili. "Mafundo ya baba yako haya."

"Mafundo ni ya baba. Mkono ni wangu." Na kwa sababu alijua akipumzika hatamaliza, aliyasema yote kwa pumzi moja: panya, gauni, mita, swali la kaka na jibu lake, dereva wa lori. "Hakuwa anakimbia, mama. Lilimzimikia. Mimi ndiye sikupima."

Mama aliweka kiatu chini, akakisogeza kikae sawa na mwenzake.

"Ulijua?"

"Nilishuku. Nikaogopa kuuliza."

"Miaka sita namlaani mwanangu," mama akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Kila Jumapili unakaa kwenye kiti hicho, unanisikia namtukana marehemu asiyeweza kujibu, na unaniambia chai tamu."

Mama Waya alilia. Si kilio cha kujizuia, kilio cha kamasi. Alitamani apigwe, angalau lingekuwa jambo lenye mwisho. Mama hakumpiga, wala hakumshika.

Hapo ndipo waliposikia gari. Lilikuja kutoka upande wa shule, likapanda tuta polepole, na injini ikakata mbele ya geti.

Mama Waya aliinua uso. Saa ya ukutani: kumi na robo. Gari la mwalimu lilikuwa gerejini, betri chini, nyaya zake zote juu ya meza.

"Nenda kafungue," mama akasema.

"Mama, hakuna gari pale."

"Najua hakuna. Siku nyingine linakuja na yule wa miwani, siku nyingine halina mtu, nasikia tu. Nafungua. Nasimama pale sina la kumwambia, zaidi ya kumuuliza alikuwa anakimbilia nini." Akavinyanyua viatu, akavipanga kando ya mlango, ncha zikitazama ndani. "Leo wewe unalo la kumwambia. Nenda. Milango yote miwili."

Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua kumi na mbili. Alizitembea kama anabeba ndoo iliyojaa. Akavuta komeo, akafungua mlango mmoja, akafungua wa pili.

Barabara ilikuwa tupu, jua kali, jirani wa ng'ambo anaanika nguo na kumshangaa. Lakini harufu ya petroli ilikuwa pale, mbichi, na joto lilimpiga magotini, joto la injini iliyotoka safari. Anayeshinda miaka na maboneti hawezi kulikosea.

"Kaka," akasema. Akaanza tena, kwa nguvu, jirani asikie kama anataka kusikia. "Sikupima na taa. Uliniuliza, nikakudanganya. Halafu nikaacha wakuite mjinga. Nisamehe."

Jirani alibaki na nguo mkononi, hajaianika.

Kisha, hatua mbili mbele yake, ufunguo ukazungushwa na injini ikawaka papo hapo. Fundi ni fundi, alijikuta anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Zote zinapiga, safi, hakuna iliyokosa. Mlio ukasogea, ukampita ubavuni kiasi cha kumpeperushia sketi, ukaingia uani taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka yoyote. Mbele ya mlango wa nyumba ukazimwa, kama anavyozima mtu aliyefika.

Mama alikuwa amesimama kizingitini, peku, machozi yanamtiririka kwa mara ya kwanza katika miaka sita.

"Funga geti, mwanangu," akamwambia binti yake. "Wote mmeshaingia."