Mabirika Mawili Langoni

Asubuhi hiyo Shafiq alikaanga kahawa kwa mkono wake, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya mkewe. Inshirah alimtazama kutoka kitandani, miguu yake imeinuliwa juu ya mto, imevimba mpaka ngozi inang'aa kama ya biringani.

"Unaiunguza, Abu Yazid."

"Siiunguzi. Ndiyo rangi yake."

"Rangi yake ni ya ngamia, si ya chungu. Unawapelekea watu kahawa au dawa ya minyoo?"

Inshirah akacheka, na kicheko kikamkata pumzi. Shafiq aliacha kikaango, akamwinua mgongo na kumshikilia mpaka pumzi iliporudi. Figo za Inshirah zilikufa mwaka juzi. Tangu hapo aliishi kwa mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja ya mji wa Al-Khalil, si mbali kwa gari, kama barabara iko wazi. Lakini vijana walikuwa wamelipiga mawe gari la walowezi wa Kiyahudi kwenye kona ya barabara, na jeshi likafunga lango la chuma la njano mdomoni mwa kijiji. Ain Luza nzima ikabaki ndani kama kuku tunduni.

Jumapili walimbeba. Wana wa Haj Nimr, mkubwa wa ukoo, walimkalisha juu ya kiti cha plastiki, wakashuka naye bondeni kwenye mawe na kupanda ng'ambo ya pili iliko teksi. Waliteleza, wakamwangusha, wakamwinua. Walipofika, zamu yake ya mashine ilikuwa imekwisha kupewa mgonjwa mwingine. Nesi aliomba radhi huku machozi yakimtoka, akasema warudi Jumatano. Wakambeba tena kurudi, na njia nzima Inshirah hakusema neno, yeye ambaye hata usingizini husema. Leo ilikuwa Jumanne.

"Nionjeshe," alisema kahawa ilipokwisha kuchemka.

Shafiq alichovya kijiko kwenye birika, akampa. Daktari alikuwa amemkataza maji. Kila anachokunywa hakina pa kutokea, hubaki mwilini na kupanda kifuani.

"Tone hili tu?"

"Daktari amesema."

"Daktari hajui kiu." Alilamba kijiko, akafikiri. "Umeiunguza."

Kahawa hiyo ilikuwa ya mkutano. Kwa majuma mawili Shafiq alikuwa akizungumza kwa simu na Ovadia, mkuu wa walinzi wa makazi ya walowezi yaliyo juu ya kilima. Zamani Shafiq ndiye aliyetandika vigae vya nyumba ya Ovadia, na tangu hapo walipigiana simu siku za sikukuu. Wazazi wa Ovadia walitoka Yemen, na Kiarabu chake cha Kiyemeni kilimchekesha sana Inshirah. Shafiq na Ovadia walipatana kama mafundi wanaopima chumba, pembe kwanza, katikati baadaye. Lango liwe wazi kutwa. Wazee wadhamini kwamba mawe hayatarushwa. Jiwe likirushwa, wazee waitwe kwanza kabla lango halijafungwa. Afisa wa jeshi alikuwa amekubali yote kwa sharti moja, kwamba mkubwa wa kijiji atoe neno lake uso kwa uso mbele ya watu wa makazi. Lilibaki neno.

Na neno katika vilima vile halitolewi bila kahawa. Mtu akija na haja, mwenyeji humtilia kikombe. Mgeni hukiweka chini, hakigusi. Mwenyeji atauliza ana nini. Mgeni ataomba. Hapo mwenyeji, akikubali, atamwambia, "Kunywa kahawa yako, umekipata ulichojia," na mgeni atakunywa. Baada ya hapo neno haligeuki. Ovadia aliijua desturi hiyo sawasawa na Shafiq. Baba yake aliishi kwayo.

Shafiq alimpitia Haj Nimr, wakateremka pamoja. Kando ya lango palikuwa na uwanja wa mwamba ulio bapa, ambapo baba yake Haj Nimr alikuwa akipuria ngano. Mzee alivaa joho lake la sikukuu. Alishika birika mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Nitawapokea vizuri," alisema. "Wasije wakasema sisi hatujui kupokea watu. Nitasikia ombi lao la mawe, nitawapa, kisha nao watoe lango lao njiani. Sivyo?"

"Ndivyo, Ami Haj."

Lakini walipofika, uwanjani palikuwa pameshawekwa meza ya kukunja na viti vinne. Ovadia alisimama kando ya meza, mtu mfupi mwenye mvi, amevaa shati jeupe. Juu ya meza palikuwa na birika la shaba ambalo baba yake alitoka nalo Yemen, katika mji wa Sanaa. Kahawa ilikuwa imekwisha kumiminwa, na harufu ya iliki iliwafikia kabla ya salamu. Nyuma yake alikaa mkwewe, Elyashiv, kijana mwenye jicho moja. Jicho la pili lilipotea pale konani, kwa jiwe, siku aliyokuwa akimtoa binti yake shuleni.

"Karibu, Haj! Karibuni, karibuni mkae!" alisema Ovadia, amenyoosha mikono yote miwili, uso umemkunjuka kwa furaha.

Haj Nimr alisimama.

"Nani anamkaribisha nani?"

Furaha ya Ovadia ilikwama usoni. Katika yale majuma mawili ya simu, yeye na Shafiq walikuwa wamepima kila kitu isipokuwa nani atapika kahawa.

"Nimeileta kwa heshima, Haj. Wallahi kwa heshima. Ni kahawa tu."

"Kama ni kahawa tu, utakunywa yangu." Mzee aliketi, akatoa vikombe vyake mfukoni mwa joho, akamimina kimoja, akakisogeza mbele ya Ovadia. Ovadia naye alikuwa amekwisha kusogeza chake mbele ya mzee. Vikombe viwili vikatazamana juu ya meza.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale kila mmoja alitaka kupona, na mgeni hakuonekana.

Ovadia alitazama kikombe, akamtazama Shafiq, akanyoosha mkono.

"Baba mkwe," alisema Elyashiv taratibu, kwa Kiebrania, lugha ambayo Shafiq aliijua kwa miaka ya kazi. "Ukikigusa, umekuja kuomba. Unaomba nini? Ruhusa ya kukaa kwetu?"

Mkono wa Ovadia ulirudi juu ya goti.

"Kijana anasemaje?" aliuliza Haj Nimr.

"Anasema kahawa ni ya moto," alijibu Shafiq.

"Mwongo wewe, tangu utoto." Mzee alimgeukia Elyashiv. "Sema kwa lugha yako, mwanangu. Nilifungwa jela kwenu miaka, naielewa."

Elyashiv aliona haya kidogo, kisha akajikaza. "Basi sikia. Mababu zangu walizikwa katika vilima hivi kabla jina la kijiji chako halijatamkwa. Na jicho langu liko kwenye kona ile. Mimi nije kwako kama mgeni, nikuombe uniache nipite?"

"Jicho lako linaniuma," alisema Haj Nimr, na sauti yake haikuwa na kejeli. "Na uwanja huu ni wa baba yangu. Shamba lake liko chini ya nyumba yako, umepanda mawaridi juu yake, nayaona kutoka dirishani kwangu. Leo nikinywa hapa kama mgeni, wajukuu wangu watakuwa wageni mpaka siku ya kiyama. Utawaonyesha watu: mzee wao alikuja, akaomba, akanywa."

"Haj, hapa hapana anayeandika," alisema Ovadia.

"Ndiyo maana naogopa. Kisichoandikwa kila mtu hukieleza atakavyo."

Upepo ulileta vumbi, likatua juu ya kahawa. Shafiq aliuona mvuke wa vikombe ukipungua, ukawa uzi, ukakatika. Aliwaza kwamba wote wanasema kweli, na kwamba kweli hizo zinamsonga mkewe kifuani. Mzee hatakunywa. Ovadia hatakunywa. Kama watakaa hivi mpaka jua lizame, lango litakuwa palepale, na kesho ni Jumatano.

Akasimama. Alikwenda upande wa pili wa meza, akachukua kikombe cha Ovadia kilichokuwa mbele ya mzee, akakishika kwa mikono miwili.

"Abu Sagiv," alimwambia Ovadia. "Mimi ni mgeni wako. Nina haja."

"Shafiq!" Haj Nimr alisema.

"Nifungulie lango. Mke wangu anazama na haoni maji."

Ovadia alipauka. Kwa muda alionekana kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike na hajui amshike vipi. Kisha macho yake yakajaa.

"Kunywa, Abu Yazid. Kunywa kahawa yako. Umekipata ulichojia."

Shafiq alikunywa. Ilikuwa imepoa, ina vumbi, na bado ilikuwa nzuri kuliko ile aliyokaanga yeye.

Haj Nimr aliinuka polepole. Hakupiga kelele. Alichukua birika lake, akaliinamisha, akaimwaga kahawa yote juu ya mwamba, mpaka machicha.

"Mgeni," alisema. "Hapa. Babu yako na baba yangu walikuwa wakisukuma ng'ombe pamoja juu ya jiwe hili. Sikulaumu, mwanangu, mke ni mke. Lakini Shafiq amemwombea Shafiq. Mimi sikumdhamini mtu, na ukoo haukumdhamini mtu." Akageuka, akaanza kupanda mlima, joho linafagia mavumbi.

"Ami Haj! Ami!"

Mzee aliendelea kupanda.

"Basi nani anadhamini sasa?" aliuliza Elyashiv. "Mtu mmoja mwenye mke mgonjwa?"

"Nyamaza," alisema Ovadia. "Nimetoa neno." Akaenda kwenye kibanda cha wanajeshi. Shafiq alimwona akizungumza na askari, kisha na simu ya askari, mkono ukipanda na kushuka, kidole kikielekeza kijijini, kikielekeza kwake, kikigonga kifuani pake mwenyewe. Wakati wote huo Elyashiv alikuwa akizungusha kikombe juu ya meza.

"Anaumwa nini?" aliuliza hatimaye, bila kumtazama.

"Figo."

"Piga simu ofisi ya vibali. Wagonjwa huwapitisha."

"Tumepiga."

"Wakasemaje?"

"Wanalitafuta jina lake."

Elyashiv aliinuka. Akaanza kukunja viti.

Ovadia alirudi akitembea kama mtu mwenye kokoto kiatuni.

"Afisa anasema patano lilikuwa na mzee. Mzee ameondoka, kwa hiyo hakuna patano. Anasema nimwombe radhi mkeo."

"Uliniambia ninywe."

"Najua nilivyosema."

"Nimekunywa, Abu Sagiv. Mbele ya ami yangu."

"Najua, Shafiq!"

"Mwenyeji hutoa kilichomo ndani ya nyumba yake." Shafiq alilitazama lango, kufuli yake kubwa iliyofungwa mfuko wa nailoni isiingie mvua. "Ufunguo huu si wako?"

"Si wangu," alisema Ovadia, na alionekana mzee ghafla. "Niliposema nilidhani ni wangu. Nitapiga simu. Nitapiga usiku kucha. Nitakwenda kwa mkubwa wake."

Nyumbani Inshirah alisikiliza yote amefumba macho.

"Kwa hiyo ulikunywa," alisema.

"Nilikunywa."

"Ilikuwa na iliki?"

"Nyingi."

"Hawa Wayemeni," alisema.

Kulipopambazuka wana wa Haj Nimr walisimama mlangoni na kile kiti cha plastiki. Walikuwa wamefunga mto juu yake kwa kamba, na kamba nyingine pembeni za kumzuia asianguke. Qusay, mkubwa wao, alisema akitazama chini, "Baba anasema ya jana hayazungumzii. Anasema tumbebe mama."

"Mungu amzidishie," alijibu Inshirah kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa na maji ndani yake. "Waingie wakae. Abu Yazid, watu hawaondoki nyumbani kwangu bila kahawa."

Shafiq alipasha ile ya jana, akawapa.

"Na mimi."

Akachukua kijiko.

"Si kijiko. Kikombe."

Alimimina kidogo. Inshirah alimtazama mpaka akakijaza. Inshirah alikipokea kwa mikono miwili, akainama kwa tabu, akakiweka juu ya kigoda kando ya kitanda. Hakukigusa tena. Vijana waliona, wakateremsha macho.

"Umm Yazid, usifanye hivyo."

"Nina haja."

"Wewe ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba haombi."

"Basi mtu mmoja katika kijiji hiki akubali kuwa mgeni bila kugombana." Alipumua, akapumua tena. "Kile kiti, Shafiq. Nisikikalie tena."

"Ovadia anapiga simu. Amenitumia ujumbe sasa hivi. Labda alasiri."

"Wakifungua alasiri nitapanda gari, nitakaa mbele kama bibi harusi. Lakini bondeni, juu ya mabega ya watoto, nikianguka mbele yao nguo zangu zikipanda, nikafika nikaambiwa zamu imepita, hapana. Hilo tu. Sina jingine."

"Ni leo tu. Niachie leo."

Mgeni akishasema haja yake hairudii. Inshirah alikaa ametulia, mikono juu ya blanketi, akikitazama kikombe, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Mvuke ulipungua, ukawa uzi. Shafiq aliitazama simu yake. Aliutazama mlango, na kiti kilichosimama nje kwenye mwanga na kamba zake.

"Kunywa," alisema, na ikambidi aanze upya. "Kunywa kahawa yako, Umm Yazid. Umekipata ulichojia."

Inshirah alikunywa yote, taratibu, mpaka machicha, macho amefumba. Kisha akampa kikombe.

"Umeiunguza kweli," alisema.