Kijana Aliyetolewa Kipindini

Alhamisi jioni Wariara alikuwa ameketi mbele ya televisheni yake huko Njoro, akimenya viazi vya Mau Narok kwenye karai, akingoja mwanawe auawe.

Mwanawe wa kweli, Naftaly, alikuwa amefia katika kituo cha polisi mwaka juzi. Huyu wa Alhamisi alikuwa wa kuigiza, katika tamthilia ya polisi na majambazi iliyopigwa picha Nakuru. Mwandishi wake, Gachanja, alikuja hapo nyumbani akanywa chai, akarekodi kila alichosema Wariara, akaahidi kwamba nchi nzima itaona Naftaly alivyouawa. Wariara alikuwa amewaambia majirani wote.

Kipindi kilianza saa moja na nusu. Kwenye pembe ya skrini paliandikwa kwamba kinafaa watoto wakiwa na wazazi wao. Mwanamke akachomwa kisu jikoni. Majambazi wakapigwa risasi kando ya ziwa, mmoja akabaki akielea kifudifudi. Kisha kijana mwenye shati la kijani akaingizwa kituoni kwa pingu, mlango ukafungwa, likaja tangazo la unga wa ugali. Baada ya tangazo inspekta alikuwa hotelini akila samaki. Kijana hakuonekana tena.

Mlango wa Wariara ukabishwa.

"Hodi, mathe."

Alikuwa yule wa shati la kijani, pingu mikononi, damu ikimtoka sikioni.

"Wamenitoa," akasema. "Ofisi ya kukadiria vipindi imesema sifai watoto. Sina pahali pengine pa kwenda."

"Vua viatu," Wariara akamwambia. "Nimetoka kupiga deki."

Akampa chai na viazi. Hakufanana na Naftaly. Alikuwa mrefu zaidi, na aliogopa kuku. Jirani, Jamleck, akaleta msumeno akamkata pingu.

Alhamisi iliyofuata, kipindi kilipoanza, pingu zilikuwa zimerudi mikononi. Kijana akaanguka sakafuni, akapigwa. Aliyempiga hakuonekana, yalisikika mateke tu, na mbavu zikivunjika. Wariara akapiga magoti, akamweka kichwa mapajani, akamshikilia mpaka akafa. Jambo hilo hakuwa amepata nafasi ya kulifanya. Mwili wa Naftaly alikabidhiwa mochari, umeshafunikwa shuka.

Kipindi kilipokwisha kijana aliamka, akaomba maji.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Majirani walikuja kutazama, wakasema pole, wakaenda zao kupika. Wengine walitoa watoto nje kwanza. Hakuna aliyeuliza ni nani alimpiga, maana wote walijua.

Wariara akachoka. Hakutaka kijana afie kwenye zulia lake kila wiki. Alitaka afe mbele ya nchi nzima, kama alivyoahidiwa. Akampigia Gachanja simu.

"Mathe, niliandika yote, naapa," Gachanja akasema. "Lakini hiyo sehemu ikibaki, tunawekwa cha miaka kumi na nane kwenda juu, kipindi kinasukumwa usiku, na wenye unga wanajitoa. Ongea na ofisi."

Ofisi ilikuwa mjini Nakuru, ghorofani. Wariara alimpeleka kijana mwenyewe, ili aonekane. Afisa aliyeitwa Chepkemoi aliwapokea vizuri. Alipoona damu inadondoka sakafuni, alisogeza kapu la takataka chini ya sikio la kijana, akampa tishu.

"Mbona wale majambazi mliwaacha wafe?" Wariara akauliza.

"Wale ni wahalifu, mama. Mtoto anajifunza kwamba uhalifu haulipi. Lakini akiona polisi anaua mtu mwenye pingu, ataogopa polisi."

"Wangu hakuwaogopa. Walimwita, akaenda mwenyewe."

Chepkemoi akaitazama kompyuta yake.

"Mimi sikatai kwamba ilitokea," akasema. "Sisi hatukadirii kama ni ukweli. Tunakadiria tu kipigo. Na kitu kama hiki hakifai mtu yeyote wa chini ya miaka kumi na nane."

"Naftaly alikuwa na kumi na saba."

"Pole sana, mama," Chepkemoi akasema, na alimaanisha. Kisha akamwomba kijana angoje kwenye ngazi, kwa sababu pale mapokezini kulikuwa na wanafunzi waliokuja kutembezwa ofisini.

Wakarudi Njoro. Wariara alikuwa na hasira kiasi kwamba aliipita nyumba yake, na kijana akamvuta mkono kumrudisha.

Kijana akabaki hapo. Alizoea kuku, akajifunza kukama. Afande Muiruri naye alibaki kituoni, kazi ileile. Ndiye ambaye wenzake Naftaly wa seli walimwona akipiga. Kila Wariara alipoulizia kesi, aliambiwa upelelezi unaendelea.

Asubuhi moja Muiruri alikuja akitafuta maziwa, kwa kuwa aliyekuwa akimuuzia alikuwa amehamia Kabazi. Kijana alikuwa mlangoni na ndoo iliyojaa, ndiyo kwanza ametoka zizini. Muiruri akalitazama shati, akatazama sikio.

"Huyu si ni yule walitoa kwa TV?"

"Ndiye," Wariara akasema.

"Afadhali walimtoa. Watoto wangu huangalia hiyo kipindi."

Wariara akamwambia maziwa yameisha. Muiruri akaitazama ndoo, akamtakia siku njema, akaenda kazini.