Benchi la Umurerwa

Akufukuzaye hakwambii toka, husema watu wa mbali. Huko Kibabi, darasa la nne la sekondari lilikwambia toka, kisha likakubebea mfuko hadi mwisho wa benchi ili usichelewe.

Umurerwa alikosea katika wiki ya kwanza. Saa ya mapumziko Jeannette, ambaye mama yake huuza karanga sokoni, alimtilia karanga mkononi. Umurerwa akazirudisha. Asubuhi alikuwa amekunywa maziwa, na kwao, watu wa ng'ombe, karanga haziyafuati maziwa tumboni: chuchu za ng'ombe zitapasuka. Lakini kwa wengine pale, anayekataa chakula cha mtu amekwisha kusema kwamba kina sumu.

"Mama yangu iko mulozi?" Jeannette aliuliza. "Sema mbele ya batu."

"Sikusema vile, dada. Ni maziwa."

"Maziwa njo inaogopa karanga?"

Darasa likacheka. Waliokaa benchi moja na Umurerwa wakasogea mbali naye, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kusogea, benchi likarefuka. Kesho yake wakasogea tena, likarefuka tena. Lilipofika ukutani lilitoboa mbao taratibu, bila kukatiza somo. Mwalimu Sebarenzi aliagiza wanaokaa karibu na tundu waje na sweta.

Kabla ya Noeli Umurerwa, akiwa bado ameketi mwishoni mwa benchi, alikuwa amefika kwenye malisho ya mfugaji mmoja mzee, Papa Hakorimana, ng'ambo ya bonde. Mwalimu alimwita kwa kipaza sauti cha parokia. Jibu lake lilirudi ubao ukiwa umeshafutwa. Karatasi za mtihani zilitelezeshwa juu ya benchi. Alipata alama nzuri, isipokuwa katika imla, maana upepo ulikula mwisho wa maneno. Kicheko cha wenzake nacho kilimfikia kimepoa, kama bukari ya jana, ugali uliolala. Alikuwa akikisubiri hata hivyo, na wakati mwingine alicheka peke yake, bila kujua wenzake wamecheka nini.

Mvua ikaharibu barabara. Benchi lilikuwa kavu na limenyooka, kwa hiyo watu wakaanza kulipitia: akina mama na bidoni za maziwa, mbuzi, mapikipiki. Mama Pétronille, mama yake Jeannette, alihamishia karanga zake katikati ya benchi, akapata wateja wengi kuliko sokoni. Asubuhi moja Umurerwa alimwendea.

"Umeamuka, mutoto?"

"Nimeamuka, Mama. Leo sikunywa maziwa. Unipatie kidogo."

Mama Pétronille alimpimia, akamwongezea konzi moja ya bure. Umurerwa akala palepale, machoni pa watu wote. Jeannette aliona kutoka dirishani, akaendelea kununa.

Mwisho wa muhula, mkuu wa shule alikuja kwa pikipiki juu ya benchi.

"Binti, benchi ya shule haiwezi kulala mu shamba ya batu. Omba Jeannette pardon, irudi. Kiti yako iko inakungojea."

Nyuma yake walikuwa wamesimama wazee wa kamati ya barabara, kofia mkononi.

"Binti yetu," mmoja akasema, "uombe, ni muzuri. Lakini ungojee kwanza mvua iishe."

Umurerwa aliwatazama wote. Alikikumbuka kile kiti: kilikuwa karibu na jiko la makaa ambalo mwalimu aliota moto, na Jeannette alikuwa akimwazima rula. Akakitamani. Kisha akasimama juu ya benchi, akaelekeza mdomo kwenye tundu la ukuta, mbali kule, ambako vichwa vyote vilikuwa vimegeuka.

"Jeannette! Nilikunywaka maziwa!"

"Omba pardon!" sauti ya Jeannette ikarudi.

Benchi likalia kidogo chini ya miguu yake, likaongezeka. Wazee, barabara yao ikiwa imebaki, wakavaa kofia.

"Siombi," Umurerwa akasema.